Dawa aliyoiacha mama bado imo mwilini

Leo nimerudi kutoka famasi miguu imelegea, na sio kwa jua la Tanga, ni kwa kile nilichokaribia kumpa mama.

Juzi mama kaamua kufumua mito ya sufi aianike, na sufi ya miaka mnaijua, vumbi lote likamuingia yeye, tangu hapo ni chafya juu ya chafya, macho mekundu, pua imeziba, usiku halali. Sasa mama ana tatizo la mapigo ya moyo kwenda ovyo, alitumia amiodaroni muda mrefu mpaka wiki tano zilizopita daktari alipoisimamisha akambadilishia bisoprololi. Mi kichwani mwangu amiodaroni habari yake ilishaisha. Basi nimefika famasi hapa Ngamiani nikaomba vile vidonge vya mafua vya mchanganyiko na hela nikawa nimeshatoa.

Dada mfamasia akaniuliza ni vya nani, nikasema vya mama, ana moyo ila ile dawa kali ameshaacha.

"Ameacha lini?"

"Kama mwezi hivi."

Akavivuta vidonge akavirudisha upande wake.

Kumbe amiodaroni inajikusanya kwenye mafuta ya mwili, hata nusu yake tu kutoka inaweza kuchukua kama miezi miwili, yaani wiki tano ni kama hajaacha. Na inarefusha ule muda moyo unaojichaji upya kabla ya pigo linalofuata, kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wanauita QT, ukiongeza dawa nyingine inayourefusha mapigo yanaweza kuvurugika ghafla mtu akaanguka, hata akafa. Na baadhi ya dawa za mzio zimo kwenye kundi hilo hilo la kuurefusha. Kulikuwa na moja inaitwa terfenadini, Marekani iliondolewa sokoni 1998 kwa sababu hiyo hiyo. Promethazini nayo ni ya kuogopa, na hata loratadini ambayo wengi tunaiona nyepesi, ikikutana na amiodaroni imeshaleta shida. Afu akanigeuzia ile pakiti nisome nyuma, kuna sudoefedrini, ya kuzibua pua, inabana mishipa na kuukimbiza moyo. Miaka yote nasoma jina la mbele tu, wallahi nimeumia roho, maana mama anameza chochote ninachompelekea bila kuuliza, ananiamini.

Sikununua kitu. Nimempigia daktari wake nikiwa pale pale, akataka ECG kwanza, tumeenda mchana, baadae ndo akaruhusu setirizini, nayo ya mzio, nusu kidonge tu, miligramu 5 usiku, kwa vile figo za mama sio nzuri. Pua asafishe na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Akihisi kizunguzungu cha ghafla, moyo kurukaruka au kutaka kuzimia, hospitali muda huo huo, hata iwe saa nane usiku.

Jioni nimechukua kadi yake ya kliniki nikaandika kwa kalamu nyekundu: amiodaroni, imeachwa, na tarehe. Mama kaniuliza, mwanangu, mbona unaandika dawa nisiyoinywa tena? Nikakaa nae kitandani nikamueleza yote taratibu, kanyamaza kidogo, kisha akaniomba ile mito niitoe nje kabisa.

Sasa hivi amelala, chafya zimepungua.