Spana namba 17 kwenye mchoro

Kila mashine ninayochora kwenye kompyuta ina spana namba 17 ndani yake. Haiuzwi. Nimeichora kama kipande kingine chochote, kichwa na mpini, na sababu yake iko Kariobangi Light Industries, Nairobi, kwa mzee mmoja anayeunda mashine za kukatakata majani ya ng'ombe.

Nilikuwa nimempelekea mchoro wa kujivunia: fremu, shafti ya milimita 25, beringi mbili za UCP205 za kuishikilia, puli, visu, kifuniko cha mkanda. Niliiambia programu ya kuchorea itafute vipande vinavyoingiliana, haikupata hata kimoja. Siku ya kufunga, mzee akachutama, akaingiza mkono, akautoa. Akaingiza tena.

"Kijana, hii bolti umeiweka wewe. Haya, ikaze nione."

Nikashindwa. Bolti ya M10, ya kukazwa kwa spana namba 17, ilikaa kwenye tundu lake vizuri kabisa, lakini bati la kifuniko lilipita karibu mno, spana haikuwa na pa kugeukia. Tulilikata kwa grinda bati ambalo lilikuwa limeshapakwa rangi, mzee kanyamaza muda wote. Afadhali angenigombeza.

Programu inaona chuma na chuma. Mkono wa fundi haiuoni. Kwa hiyo siku hizi naiweka spana kwenye bolti ndani ya mchoro, nione kama ina pa kugeukia, na naunganisha vipande kwa mpangilio ule ule anaoufuata mzee. Fremu inatangulia, naipigilia pale kwenye sifuri, kitovu cha mchoro, isisogee. Shafti, beringi na visu naviunganisha pembeni kwenye faili lao, kisha vinaingia kwenye fremu vikiwa kitu kimoja, kama yeye anavyovifunga mezani kabla ya kuvibeba.

Kilichonichukua muda mrefu kujifunza ni mahali pa kushikiza kipande kimoja kwa kingine. Zamani nilikuwa nabofya ukingo wowote ulio karibu na kishale. Puli imeshika kona ya bati, bati limeshika tundu la bolti, bolti imeshika puli nyingine, mlolongo kama matatu zilizoegeshwa mkia kwa mkia. Mteja mmoja akaomba bati la milimita 3 liwe la 4, tena akaomba kona zake zilainishwe. Nikabadilisha, na orodha nzima ya viungo ikawa nyekundu, yaani makosa matupu, kwa sababu kona zilizokuwa zimeshikwa hazikuwepo tena. Usiku huo sikulala. Sasa nashikiza kwenye zile nyuso tatu tupu ambazo programu inakupa kabla hujachora chochote, na kwenye mhimili wa shafti. Bati linenepe, likonde, hizo hazisogei.

Halafu kuna ugonjwa wa kukaza kila kitu. Kipande kinachoelea kina njia sita za kusogea: tatu za kuteleza, tatu za kuzunguka. Ukiilaza shafti kwenye mhimili mmoja na tundu la beringi umeziba nne. Ukiizuia isitoke kwa mbele wala nyuma, ya tano. Ya sita iache! Mimi naikamata shafti kwa kipanya na kuizungusha polepole, nione kama kisu kitapita bila kugusa kifuniko. Kijana aliyekuja kujifunza kwangu alikuwa ameziba zote sita, eti kazi ionekane imekamilika, na kisu chake kilikuwa kinaukwangua mdomo wa kulishia majani bila yeye kujua.

Majina ya faili sitayasemea sana. "Bati mpya ya mwisho 2" sote tumewahi kuliandika. Ila ukibeba kazi kwenye flashi, beba folda nzima, maana faili la mashine halina vipande ndani yake, lina anwani zao tu.

Na ile spana? Ukiichora, kumbuka kuitoa kwenye orodha ya vifaa. Mimi nilisahau mara moja, na mteja akanipigia kuuliza kama spana mbili za namba 17 zimo kwenye bei ya mashine. Nikamwambia zimo. Nilienda sokoni Gikomba kuzinunua mwenyewe.