Mafuta ya kondoo na magaga yangu

Jamani hii baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa Moshi inakausha ngozi mpaka ukijikuna inabaki mistari myeupe mguuni, na mi magaga yalifika hatua ya kukwama kwenye shuka usiku, losheni napaka asubuhi, ikifika saa nne nishapauka tena. Ndo nikamkumbuka bibi yangu wa Machame. Yeye alikuwa na kopo lake la mafuta ya kondoo basi, anatupaka wajukuu kifuani tukiwa na mafua, yanayobaki mkononi anamalizia miguuni kwake, na miguu yake ilikuwa laini mpaka uzeeni.

Nikaenda bucha, nikamwambia mangi mwenye bucha nataka mafuta ya kondoo, akaniuliza dada ya kupikia au ya kupaka? Kumbe anajua! Akasema ya kupaka chukua ya mkia maana ni laini, yale yanayozunguka figo ni magumu, yakiganda yanakuwa kama mshumaa.

Mara ya kwanza niliharibu kwa sababu ya haraka, niliweka moto mkali yakaungua yakawa ya kahawia na harufu ya nyama choma haikutoka kabisa. Mara ya pili nikatulia. Yagandishe kwanza kwenye friji ndo yanakatika vizuri, kata vipande vidogo sana, weka kwenye sufuria nzito na maji kikombe na chumvi kijiko, moto mdogo kabisa, mi ilinichukua kama masaa matatu hivi. Chuja na kitambaa safi, acha yapoe, utakuta mafuta yameganda juu na maji machafu yako chini, toa lile pande, kwangua uchafu wa chini kisha rudia tena na maji mapya na chumvi, hapo ndo harufu inapungua kweli. Mwisho yachemshe yenyewe bila kuongeza maji mpaka yaache kutoa mapovu, hapa usikimbie maana maji yakibaki ndani yanaharibika. Mi naongeza alizeti kidogo yasiwe magumu, naweka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, mbali na jua.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanakosea ni kupaka kwenye ngozi kavu. Haya mafuta hayaongezi maji mwilini, yanafunika tu yale yaliyopo yasitoke, kwa hiyo paka ukitoka kuoga ngozi bado ina unyevunyevu, kidogo tu, yasugue kwanza viganjani yayeyuke. Miguuni napaka usiku navaa soksi. Wiki mbili magaga yalifunga, na sisemi kwa kutia chumvi.

Usoni kama una chunusi achana nayo, yanaziba. Na tafadhali, hayazuii jua! Nawaambia hasa wazazi wenye watoto wenye ualbino, msiwapake haya mkadhani mmewakinga, wanahitaji mafuta maalum ya kuzuia jua, na hapahapa kwetu Moshi, hospitali ya KCMC, yanatengenezwa, yanaitwa Kilisun. Na kama mtoto ana pumu ya ngozi au vidonda mpelekeni kwa daktari kwanza.

Leo nimempelekea mama kopo moja, alivyofungua tu akanusa akasema haya ni ya bibi yako.