Dola 525 kwa nyumba ambayo hatukuinunua

Juzi shemeji yangu wa Tanga kaandika kwenye kundi letu la familia: "Yaani mmelipa zaidi ya milioni moja kuangaliwa nyumba, halafu nyumba yenyewe hamkununua? Kumbe huko nako watu mnapigwa." Wengi wakacheka. Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku, nikausoma ujumbe ule ndani ya basi, na uliniuma. Dola 525 ni jasho langu na la mume wangu, na sioni hata moja iliyopotea.

Shemeji, kwetu ukitaka nyumba unaanza kuwakagua watu. Muuzaji ni nani, ndugu zake wameridhia, hati ni yake kweli, mwenyekiti wa mtaa anamjua, majirani wanakubali mipaka. Nyumba yenyewe unampitisha fundi wako, anagonga kuta, unampa nauli na cha soda. Tumezoea hivyo kwa sababu balaa letu liko kwenye karatasi: kiwanja kimoja, wanunuzi watatu. Hapa Minnesota karatasi zina wenyewe, kuna kampuni za kupekua hati na kuna bima ya umiliki. Balaa la huku liko chini ya sakafu. Sisi tunakuja na macho ya nyumbani, tukishaona hati safi na jiko linameta, tunasaini.

Dalali alitushauri tufute sharti la ukaguzi. Alisema wanaoitaka ni wengi na muuzaji atampenda asiye na masharti. Mume wangu akayumba, mimi nikagoma. Sharti hilo likiwa ndani ya mkataba unapewa siku kadhaa, sisi tulipewa 10, na ukikuta ubovu unajitoa na arubuni yako unarudishiwa. Ukilifuta, ubovu ni wako. Anayekuharakisha hatalala na wewe kwenye nyumba hiyo, kwa hiyo na mkaguzi mtafute mwenyewe. Jimbo hili haliwapi wakaguzi leseni, uliza uzoefu wake na omba uone ripoti yake ya zamani.

Wetu alikuja saa tatu asubuhi, mzee mwenye magoti mabovu, akaondoka saa sita imepita. Alipanda paani, akaingia darini, akawasha mtambo wa joto, akafungua boksi la umeme, akajaribu soketi moja moja, akafungulia maji kila bomba. Alitaka tumfuate na tuulize. Alipojua kwetu hakuna theluji, akakaa kwenye ngazi, akanieleza polepole kama anayemweleza bintiye: udongo wa huku ukiganda unavimba, theluji ikiyeyuka maji yanajaa nyuma ya msingi, na vyote viwili vinausukuma ukuta mwaka hadi mwaka. Miaka saba niko hapa, wachache wamewahi kuzungumza nami kwa upole ule.

Ukuta mmoja wa besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, ulikuwa umetoka kupakwa rangi nyeupe. Mimi niliona usafi. Yeye akalaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukateleza juu yake, na katikati kikajitokeza kivuli. Ukuta ulikuwa umefanya tumbo. Akashusha timazi, akapima: karibu inchi mbili. Chini, pembeni mwa zulia jipya, kulikuwa na unga mweupe, na huo sikuhitaji kuelezwa. Ni chumvi ileile iliyokuwa ikimenya lipu nyumbani kwa bibi, kule Ngamiani, Tanga, unafagia asubuhi, jioni imerudi. Maji yanapita ndani ya ukuta, yakikauka yanaiacha.

Ndani ya zile dola 525, 150 zilikuwa za kipimo cha radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayopanda kutoka ardhini na kuleta saratani ya mapafu. Serikali ya Marekani inashauri nyumba irekebishwe ikifika pikokyuri 4 kwa lita ya hewa; kile kifaa kilikaa siku mbili kikasoma 7. Hilo lina dawa: bomba na feni ya kuitoa gesi nje. Ripoti ilikuja kurasa 58 na picha zake, nyingi za vitu vidogo, usizimie. Mkaguzi hakuambii nunua au acha, na havunji ukuta kuona kilichomo. Bomba la majitaka linahitaji kamera ya peke yake. Nyumba ikiwa ya zamani lipia, maana mizizi ya miti inaingia kwenye mabomba ya udongo. Na ikiwa imejengwa kabla ya 1978, uliza kuhusu rangi yenye madini ya risasi, hasa ukiwa na mtoto anayetambaa.

Mkandarasi tuliyemwita alitaja dola 19,000 kwa ule ukuta tu. Muuzaji akakataa kupunguza hata senti. Tukajitoa siku ya nane, na arubuni yetu ya dola 3,000 ikarudi yote. Sasa shemeji, nani kapigwa?

Jana nimepita barabara ile nikienda kazini. Kibao cha kuuza kimeshang'olewa, na barazani kuna baiskeli mbili za watoto. Nimewaza kugonga mlango niwaambie habari ya ukuta, na bado nawaza. Jumamosi saa tatu yule mzee anatukagulia nyingine.