Mjohoro chini ya laini kubwa

Mwezi wa pili tambarare ya Moshi haina huruma. Marangu watu wanavaa sweta, ila kule chini, upande wa Kiyungi, saa nne tu ardhi inachoma kupitia soli. Nilikuwa mwanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo, nimebeba miguu mitatu ya theodolaiti, darubini ya kupimia pembe, nyuma ya mzee mmoja wa Kipare, mpimaji wa siku nyingi. Tulitakiwa kuangalia kama laini ya umeme ya kilovolti 132 inaweza kuongezewa mzigo.

Hesabu nilikuwa nimeshaipiga usiku. Tuseme waya unahimili ampea 400: kwa kilovolti 132 zinapita karibu MVA 91 (megavolti-ampea, kipimo cha mzigo wa umeme). Nikampa Mzee daftari. Akalisoma, akanirudishia.

"Ampea 400 za saa ngapi?"

Nikabaki nimekodoa macho. Yeye akawa anaelekeza darubini katikati ya minara miwili, pale tumbo la waya linapokaribia ardhi. Chini yake, ndani kabisa ya mkuza, ile njia inayoachwa wazi chini ya laini, ulisimama mjohoro uliokomaa. Mwenye shamba akatufikia na jembe begani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwa Mzee.

"Baba, huo waya uko mbinguni. Mti wangu umewakosea nini?"

"Haujakosea kitu, mama. Tuonane saa tisa."

Akaweka msalaba wa darubini juu ya waya, akakaza skurubu, akaniagiza nisiruhusu hata mbuzi akisogelee chombo. Mchana wote niliketi pale na mwavuli, kivuli kikienda kwenye theodolaiti badala ya kichwa changu.

Kusubiri huko ndiko kulikonifundisha. Waya ule ni alumini iliyosokotwa kuzunguka chuma, na unapata joto kutoka pande mbili: umeme unaopita ndani yake na jua la juu. Anayeupoza hasa ni upepo. Wahandisi wengi hukadiria upepo wa nusu mita tu kwa sekunde, kwa tahadhari, na unaoupiga waya ubavuni huupoza kuliko unaoufuata. Ndiyo maana laini ileile hubeba zaidi usiku, hewa ya mlima inapoteremka, kuliko alasiri majani yametulia tuli. Ampea 400 za kwenye daftari langu hazikuwa na saa wala upepo.

Arusha, nilikokulia, taa zilikuwa zikififia saa mbili usiku, nami nikidhani waya umechemka. Mzee alicheka. Laini ikiwa ndefu, alisema, volti huishia njiani kabla waya haujafikia joto lake la mwisho. Umeme wa Hale, kwenye mto Pangani, ulipita Same na Kiyungi ndipo ufike Njiro, kituo cha Arusha. Wa mwisho kwenye foleni hupata uliobaki. Baadaye laini ya kilovolti 220 kutoka Singida kupitia Babati ikaipa Arusha mlango wa pili.

Saa tisa mama alirudi. Mzee akamwonyesha jicho la darubini. Mama akafumba jicho moja kwa kidole, akachungulia, akanyamaza, akachungulia tena.

"Mbona umetoka kwenye msalaba? Umeshuka!"

Ulikuwa umeshuka kweli, na pengo kati yake na kilele cha mjohoro likapungua kwa kimo cha kutoka unyayo hadi kiunoni mwangu. Minara ikiachana mita 300, waya ukirefuka kwa joto sentimita 17 tu, tumbo huweza kushuka karibu mita nzima. Na hapo laini haikuwa imeongezewa hata ampea moja.

Mzee akamsimulia ya Agosti 14, 2003, kule Ohio, Marekani: laini ya kilovolti 345 ilijikuta kwenye mti ikiwa imebeba chini ya nusu ya uwezo wake. Nyingine zikafuata, na kufikia jioni watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani.

"Kwa mti?" mama akauliza.

"Giza lilianzia kwenye miti isiyopogolewa."

Mama akauzunguka mjohoro wake, akaupiga kofi shinani kama anayepima gunia.

"Haya, kateni. Ila kuni zangu, na hilo gogo la chini asiliguse mtu."

Mzee akaniamuru niandike kwenye fomu. Nikaandika: mjohoro mmoja, ukatwe, kuni na gogo, mali ya mwenye shamba. Mama akasoma mwenyewe kabla ya kuweka dole gumba.