Dawa ya kukinga mionzi lazima ijue kuchagua

Hapa Mombasa, mgonjwa akianza tiba ya mionzi hakosi mtu wa kumletea manjano kutoka Marikiti, eti mwili usiungue. Nia ni njema kabisa. Tatizo ni kwamba kinga isiyochagua huzikinga hata seli za saratani zenyewe.

Mfano wa dawa inayochagua ni amifostini, iliyobuniwa katika taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed. Ikiingia mwilini haina nguvu mpaka kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatesi kiivue fosfeti yake. Kimeng'enya hicho ni kingi kwenye tishu zenye afya na haba kwenye uvimbe mwingi wa saratani, kwa hiyo tezi za mate hupata kinga, uvimbe hukosa. Kwa saratani za kichwa na shingo hutolewa miligramu 200 kwa kila mita mraba ya mwili, mshipani, kwa dakika 3, na mionzi ifuate baada ya dakika 15 hadi 30. Wakati ni kila kitu: dawa huondoka kwenye damu upesi mno. Presha nayo hushuka, hivyo mgonjwa alale chali na apimwe kabla na baada.

Na joto letu lisisahauliwe. Chupa ya miligramu 500 huyeyushwa kwa mililita 9.7 za maji ya chumvi ya 0.9%, kisha hudumu saa 5 kwenye nyuzi 25. Chumba kisicho na AC Mombasa hupita hapo asubuhi tu. Ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isizidi saa 24.

Sasa, anayetaka kupima maabara kama kukumini, kemikali iliyomo kwenye manjano, nayo huchagua, atumie seli za aina mbili, zenye afya na za saratani. Aziwekee dawa saa moja kabla, azipige mionzi ya grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 0, 2, 4, 6 na 8, azilaze kwenye nyuzi 37 kwa siku 10 hadi 14, azipake rangi ya kristali vayoleti, ahesabu makundi yenye seli 50 na zaidi, yaliyotokana na seli zilizonusurika. Kadiri mionzi inavyopanda, aweke seli nyingi zaidi mwanzoni, la sivyo sahani za mwisho zitabaki tupu.

Wengi hukwama kwenye kiyeyusho. Kukumini haiyeyuki vizuri majini, hivyo huyeyushwa kwa kimiminika kiitwacho DMSO, na DMSO yenyewe hunasa sumu zinazozaliwa na mionzi, yaani nayo inaweza kukinga seli. Isizidi 0.1%, na pawe na sahani za seli zenye DMSO bila kukumini kwa kila kiwango cha mionzi. Matokeo yasiyo na sahani hizo mimi siyakubali.