Kumbukumbu ya mradi: mkono wa Technics SL-1200MK2, nyaya mpya na beringi

Hali ilivyoingia

Mashine ni ya kuchezea santuri, Technics SL-1200MK2, toleo lililoingia sokoni mwaka 1979. Sahani inazunguka bila shida na nukta za pembeni za kupimia kasi zimetulia kwenye kasi zote mbili. Ugonjwa uko kwenye mkono unaobeba sindano: spika ya kushoto inakatika-katika, na sindano inarudia mstari uleule ikikaribia mwisho wa santuri. Mwenye mashine alikuwa ameshaambiwa anunue mkono mzima. Ushauri huo hutolewa upesi mno. Bomba la mkono likiwa halijapinda kuliko lilivyotoka kiwandani, mkono wa aina hii huumwa sehemu tatu tu: pini za mbele, nyaya zinapopita kwenye egemeo (mahali mkono unapozungukia), na mkazo wa beringi. Zote tatu zinatengenezeka mezani.

Jambo moja kabla ya kuchomeka mashine yoyote ya zamani hapa mjini: geuza usome kibandiko cha umeme. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, na zinafika Dar kama mitumba mingine. Ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO, transfoma inaungua. Hii ilikuwa ya 230, tukaendelea.

Vipimo kabla ya kufungua

Kichwa kinachobeba katriji, yaani kifaa chenye sindano, kinatolewa kwanza. Mita ya ohmu haiwekwi kwenye pini huku katriji ikiwa imeunganishwa, maana koili zake ni nyembamba sana na hazikuundwa kupitisha mkondo wa mita.

Nyaya ni tano. Mwekundu ni chanya ya kulia, wa kijani hasi ya kulia, mweupe chanya ya kushoto, wa bluu hasi ya kushoto, na mweusi ni wa ardhi ya mwili wa mkono. Ncha moja ya mita inagusa pini ya mbele, nyingine plagi ya RCA inayokwenda kwenye amplifaya, halafu mtu wa pili anausogeza mkono taratibu kutoka kwenye kishikio chake hadi karibu na pini ya katikati ya sahani. Hili la kusogeza ndilo linalosahaulika. Mkono ukiwa umelala kwenye kishikio, nyaya zote nne za sauti zilisoma vizuri. Ulipofika theluthi ya mwisho, mweupe ukapotea kabisa. Basi kukatika hakuko mbele wala kwenye plagi. Kuko pale waya unapojikunja, chini ya egemeo.

Pini za mbele nazo zilikuwa na ukungu wa kijani. Hewa ya chumvi ya pwani haibagui, awe mtu wa Kigamboni au wa Mbezi Beach. Upande wa kichwa husafishwa kwa kifutio cheupe cha penseli; upande wa mkono kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Msasa usiguse hapo, unakwangua dhahabu iliyopakwa na baada ya muda mfupi ukungu unarudi mwingi kuliko mwanzo. Kisha kila pini inasukumwa kwa kijiti cha meno: zina springi ndani, na ikikwama ndani lazima upande mmoja wa sauti ukatike hata kama ni safi kama mpya.

Mwisho ni kipimo cha beringi. Mkono unasawazishwa kwa uzani wa nyuma hadi uelee wenyewe, antiskeiti (nguvu ndogo inayovuta mkono kuelekea nje) ikiwa sifuri. Pumzi ndogo tu inatosha kuusogeza, nao unapaswa kusimama popote bila kurudi. Ukiongeza antiskeiti hadi alama ndogo kabisa, mkono uanze kuelekea nje wenyewe. Kiwango cha Technics ni msuguano usiozidi miligramu 7 kwa pande zote, na kipimo hiki cha pumzi na antiskeiti kinatosha kukuonyesha kama uko mbali nacho. Huu ulielea vizuri upande wa nje, lakini kila ulipopelekwa ndani ulirudishwa nje kama umefungwa springi.

Kilichokutwa ndani

Kichwa na uzani wa nyuma vilitolewa, mkono ukafungwa kwa kamba laini kwenye kishikio, sahani ikaondolewa, mashine ikalazwa kifudifudi juu ya sponji. Miguu minne inafunguliwa kwa mkono, kisha skrubu za kitako cha mpira. Skrubu zina urefu tofauti kwa makusudi: chora umbo la kitako kwenye boksi na kila skrubu uichomeke mahali pake. Ndani, nyaya za mkono zinaishia kwenye kibao kidogo cha saketi karibu na waya wa RCA. Piga picha kabla ya kulehemua chochote. Mkono wenyewe unashikwa kutoka chini kwa skrubu tatu.

Hapo sababu ikajionyesha, na ikaeleza magonjwa yote mawili kwa pamoja. Mtu fulani huko nyuma aliunga nyaya mbili kwa waya wa jampa, ule mmoja mtupu wenye vanishi ambao mafundi simu hurukia njia zilizokatika kwenye bodi. Kwenye bodi ya simu ni waya mzuri, maana hauchezi. Kwenye egemeo ni makosa: una uzi mmoja tu, kwa hiyo ukikunjwa mara nyingi unavunjika, na kabla haujavunjika unakakamaa na kuusukuma mkono. Kadiri mkono unavyoingia ndani ndivyo waya unavyojikunja zaidi na kusukuma zaidi. Sindano inayobebwa kwa gramu 2 haina ubavu wa kushindana na hilo, ndiyo maana ikarudia mstari.

Nyaya mpya

Unaofaa ni litzi ya shaba, yaani waya wa nyuzi nyingi nyembamba kama unywele zilizosokotwa, kila uzi na vanishi yake. Unene wa geji 33 AWG unatosha. Kata sentimita 60 kwa kila waya, tano jumla ni mita 3. Kinachobaki kinakatwa baadaye, kilichopungua hakiungwi.

Vanishi haikwanguliwi kwa wembe, nyuzi zitakatika. Weka tone la risasi kwenye ncha ya pasi, joto kati ya digrii 380 na 400, paka fulaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), tumbukiza milimita 2 za waya ndani ya tone hilo mpaka moshi uishe na ncha ing'ae. Pima kila waya papo hapo kabla haujaingia bombani. Uzi ambao vanishi yake haikuungua utaonekana mzima kwa macho na kukusumbua baadaye.

Nyaya mpya zilifungwa kwenye ncha za zile za zamani na kuvutwa kupitia bomba. Bomba lina umbo la S, kwa hiyo usivute kwa nguvu: mmoja anasukuma mbele, mwingine anavuta chini. Kwenye kitako cha pini nne, hatari ni plastiki kuyeyuka na pini kuegama. Chomeka kichwa kitupu mbele kishike pini zimenyooka, shusha joto la pasi hadi karibu 320, na kila pini iguswe kwa sekunde moja au mbili, basi. Pumzisha kabla ya pini inayofuata.

Pale kwenye egemeo ndipo kazi nzima inapopimwa. Nyaya zinasokotwa kwa ulegevu na kuachiwa kitanzi kidogo kinachoshuka wima karibu na mstari wa mzunguko wa mkono. Kitanzi kikikaa pembeni kinavuta. Kikibanwa na kifuniko kinasugua. Kikiwa sawa, mkono hauhisi chochote.

Kipimo cha mwisho: kila waya kutoka pini hadi plagi usome chini ya ohmu 1 baada ya kutoa ohmu za nyaya za mita yenyewe. Kati ya waya na waya, na kati ya waya wowote wa sauti na bomba, mita isisome kitu. Mweusi peke yake ndio uguse bomba. Ukisahauliwa, amplifaya itanguruma mara tu ukigusa mkono.

Beringi

Baada ya nyaya, mkono uliacha kurudi nje, lakini ukiushika karibu na kichwa na kuusukuma mbele na nyuma kwa urefu wake, ulitoa mlio mdogo sana wa kugonga. Huo ni ulegevu. Skrubu ya egemeo imefungwa kwa nati yake. Shika skrubu isigeuke, legeza nati, kaza skrubu kwa sehemu ya nane ya mzunguko, pima, rudia kama bado. Ukikaza nati, skrubu hufuata kidogo na mkazo unaongezeka, kwa hiyo pima tena baada ya kufunga, si kabla tu. Hapa sehemu moja ya nane ilitosha.

Aliyekaza kupita kiasi hupata tatizo lisilotibika: vigololi vinachimba mashimo kwenye njia yao, na mkono unatembea kwa vituo. Hapo ndipo kubadilisha mkono mzima kunapokuwa na maana. Na hakuna mafuta ya kupulizia ya kufungulia nati humo. Yanakauka, yanakuwa gundi, na vumbi la Dar linamalizia.

Katriji na milimita 52

Iliyofungwa ni Audio-Technica AT-VM95E, gramu 6.1. Na kichwa cha gramu 7.5 jumla ni 13.6, juu kidogo tu ya 13.5 ambayo ni mwanzo wa kiwango cha mkono huu.

Technics wanataka milimita 52 kutoka ncha ya sindano hadi uso wa wosha ya mpira nyuma ya kichwa. Hiyo inatoa sindano milimita 15 kupita pini ya katikati, kwa mkono wenye urefu wa milimita 230. Mitandaoni utaambiwa uachane nayo utumie mpangilio wa Baerwald, njia nyingine ya kupanga mahali na pembe ya katriji. Kwa santuri kubwa za LP, hoja ina uzito. Lakini muziki mwingi wa bendi za Dar wa miaka ya 1970 ulitoka kwenye santuri za inchi 7 zilizochapwa Nairobi, ambazo mistari yake ya mwisho iko kama milimita 54 kutoka katikati. Pale, mpangilio wa Technics una kosa la pembe (sindano kutolingana na mwelekeo wa mstari) la takriban digrii 0.7, Baerwald kwenye mkono huuhuu ni kama digrii 2. Kwa mkusanyiko wa santuri ndogo, 52 ya kiwandani ndiyo inayoshinda, na hakuna haja ya kuchimba kichwa ili katriji ifike mbele zaidi.

Uzito: sawazisha mkono, zungusha pete ya namba peke yake hadi sifuri, halafu zungusha uzani na pete pamoja hadi 2. Kuhakikisha, mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01 inafaa kwa masharti mawili. Kisahani chake kikiwa cha chuma, sumaku ya katriji inavutwa nacho na namba inadanganya, basi weka kipande cha plastiki kinachoinua sindano mbali na chuma. Na sindano ipimwe ikiwa usawa wa santuri, si sentimita mbili juu. Ilisoma 2.03; pete ikarudishwa kidogo hadi 2.00. Antiskeiti nayo ikawekwa 2.

Kimo cha mkono kinarekebishwa kwa pete ya chini baada ya kulegeza kifungio chake. Ukilazimisha pete bila kulegeza, meno yake yanaliwa. Bomba lilale sambamba na santuri likitazamwa kwa pembeni.

Kinachobaki

Sauti iko pande zote mbili, na santuri ya inchi 7 inakwenda hadi mwisho bila kurudia. Lifti ya mkono bado inaangusha badala ya kushusha, kwa kuwa mafuta yake mazito yamekwisha. Yanayotakiwa ni silikoni ya sentistoki (kipimo cha mnato) laki 5, aina ileile inayouzwa kwa difu za magari ya kuchezea ya rimoti. Silikoni ya kupulizia haifai, ni nyepesi mno. Imeagizwa. Hadi ifike, mkono unashushwa kwa kidole kwenye ncha ya kichwa, lifti ikiwa chini.