Mezani kwangu kila mbwa hutetemeka: siku moja ya daktari wa wanyama

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua kliniki, nafuta meza ya chuma, natandika blanketi juu yake. Si urembo. Chuma ni baridi na kinateleza, na mbwa asiposimama imara miguu hutetemeka hata kama ni mzima wa afya. Ongeza harufu ya dawa na sauti za wagonjwa wenzake. Ndiyo shida ya kazi hii: mbwa karibu wote hutetemeka wakifika hapa, kwa hiyo mtu akiniletea wake akasema "anatetemeka," kumtazama tu hakunisaidii. Inabidi nimhoji mwenye mbwa.

Saa 2:10. Dume wa miaka mitatu, mkia kaubana kati ya miguu, anapiga miayo na kujilamba pua bila sababu. Kijana aliyemleta ana wasiwasi kuliko mbwa. "Daktari, hajatulia tangu jana usiku." Jana usiku kulikuwa na nini? Radi. Na leo amekula? "Amemaliza bakuli lote." Joto lake ni 38.9. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2 hivi, ndiyo maana mkono wako utakudanganya ukimgusa na kusema ana homa. Fizi ni za waridi. Huyu ni mwoga wa radi, basi. Namwambia kijana, siku mawingu yakitanda, amweke chumba cha ndani, afunge mapazia, awashe redio kwa sauti ya chini na akae naye. "Nikimbembeleza si ndiyo nitamzoesha woga?" Hapana, kaka. Kuogopa si ujanja wa kutafuta zawadi.

Saa 3:40. Mtoto wa mbwa wa wiki tisa, wa zile aina ndogo sana, anatosha kwenye viganja viwili. Anayumba kama mlevi, macho mazito, mwili wote unacheza. Alikula lini? Jana jioni. Sina haja ya kuuliza zaidi, maana wadogo kama hawa hawana akiba ya sukari ya kuwavusha usiku mzima na asubuhi yake. Tone la damu linasoma miligramu 45 kwa desilita. Hata 60 ingenitia shaka. Tunampa glukosi mshipani, na muda si muda ananing'ata kidole. Sijawahi kufurahia kung'atwa kiasi hiki. Anarudi nyumbani na agizo la kulishwa mara nne kwa siku. Siku akilegea tena, wampake asali kidogo kwenye fizi huku wakiwa njiani kuja.

Saa 5:05. Simu. Jike aliyezaa wiki tatu zilizopita, watoto saba. "Daktari, anatembea kama miguu yake ni ya mbao. Anahema. Watoto hataki hata kuwaona."

"Mama, watenge watoto sasa hivi, umlete. Usisubiri jioni."

Anafika akiwa kalala ubavu, joto 41. Kalsiamu yake imeishia kwenye maziwa, na misuli isiyo na kalsiamu ya kutosha hukakamaa na kutetemeka mfululizo. Joto lile lote linatokana na misuli yenyewe kufanya kazi bila kupumzika. Msaidizi wangu anasukuma kalsiamu mshipani polepole, mimi nimebandika stethoskopu kifuani nahesabu mapigo, kwa sababu ukiharakisha moyo unaweza kusimama. Tunasukuma, tunasimama, tunasukuma. Baada ya dakika ishirini hivi kichwa kinainuka, anatafuta watoto wake.

Mwenyewe anashangaa: "Lakini nilimpa vidonge vya kalsiamu mimba yote!" Namweleza kwa upole, maana alifanya kwa mapenzi. Vidonge hivyo wakati wa mimba huufanya mwili uzembee kuitoa kalsiamu kwenye mifupa, kisha maziwa yanapoihitaji kwa wingi mwili hauko tayari. Watoto watanyweshwa kwa chupa kwanza.

Saa 7. Nakula nimesimama.

Saa 8:20. Naletewa video mbili kwenye simu. Napenda sana video. Zinanionyesha mbwa akiwa kwao, bila meza yangu. Ya kwanza: mbwa kalala, miguu inakimbia, anabweka kidogokidogo. Anaitwa jina, anaamka mara moja. Ndoto. Ingekuwa kifafa asingeitika, pengine angejikojolea, na baadaye angezubaa kwa muda.

Ya pili naitazama mara tatu. Mbwa kijana, hajawahi kuchanjwa, alikohoa na kutokwa makamasi mwezi uliopita. Taya linacheza-cheza kwa mdundo uleule, hata akiwa usingizini. Nadhani ni distempa, kirusi chenye undugu na surua, na kikishafika kwenye neva sina dawa ya kukiondoa. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane. Nampigia mwenyewe mimi. Habari kama hii haifai kuandikwa kwa ujumbe.

Saa 9:45. Mzee wa miaka kumi na moja, mgongo kaukunja, anatetemeka nikimgusa kiunoni. Ni maumivu. Mwenyewe ameshampa nusu kidonge chake cha ibuprofeni "apate nafuu," kwa hiyo sasa nashughulikia mgongo pamoja na hofu ya tumbo na figo. Jamani, dawa zenu zibaki zenu. Na mbwa akianza kutetemeka ghafla baada ya kula chokoleti, chingamu isiyo na sukari au sumu ya kuulia konokono, njooni na pakiti yake.

Saa 1 usiku. Nyumbani. Mbwa wangu ana miaka kumi na miwili. Namwekea chakula, anakula vizuri, mkia unapunga. Ila nikiwa nimechuchumaa karibu yake naona paja la nyuma la kushoto linatetemeka kila anapolitegemea.

Swali langu la kila siku: ilianza lini?

Sijui. Natoa simu, naanza kurekodi.